Mbaraka Mwinshehe: Gitaa la Morogoro lililofika Osaka

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

JUA linapozama Jambiani, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kilichoko pwani ya kusini mashariki ya Unguja, kazi ya mpiga gitaa wa hoteli ndiyo kwanza huanza. Wageni huomba zile nyimbo mbili tatu ambazo kila mtalii anayefika Afrika Mashariki huzijua. Lakini wageni wakishakwenda kulala, wakabaki wahudumu, walinzi na vijana wa kijijini, gitaa hubadili lugha. Hapo ndipo hutokea mtu akaanza kuimba Shida bila kuombwa na yeyote, na jina la marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka likatajwa kana kwamba alipita pale juzi.

Ni zaidi ya miaka 45 sasa tangu gwiji huyo wa muziki wa dansi afariki dunia. Wengi wanaoimba nyimbo zake leo hawakuwa wamezaliwa alipozitunga. Hawakumwona jukwaani, hawakucheza sululu, na santuri zake waliziona kabatini kwa wazee wao. Hata hivyo nyuzi za kwanza zikilia tu, wanajua ni yeye.

Maisha yake yalikuwa mafupi, miaka 34 tu, nayo yote yalifungamana na kifaa kimoja ambacho hakikubuniwa katika nchi yake. Gitaa lilikuja kwetu kwa meli. Mbaraka alikuwa miongoni mwa wale waliolifundisha kusema Kiswahili. Na katika mwaka mmoja wa maisha yake, 1970, gitaa hilo lilimfikisha Japani, nchi ambayo wakati huo huo ilikuwa ikijifunza jambo jingine kuhusu kifaa kile kile: namna ya kukiunda.

Mtoto wa 1944

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado inaendelea. Mwaka huo huo, katika mji wa Morogoro, ilianzishwa bendi ya Morogoro Jazz. Kwa hiyo mtoto huyo na bendi iliyokuja kumpa jina walikuwa na umri mmoja, ingawa walikutana miaka 20 baadaye.

Morogoro, ulioko takriban kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam, chini ya milima ya Uluguru, ulikuwa mji wa reli na mashamba ya mkonge. Reli ya Kati ilileta watu na bidhaa kutoka pwani na kutoka bara. Mashamba yalikusanya wafanyakazi wa makabila mengi ambao mwisho wa mwezi walikuwa na fedha kidogo mfukoni na hamu ya kustarehe. Mji wa namna hiyo hauwezi kukosa muziki.

Mfalme wa mji ule alikuwa Salum Abdallah, kiongozi wa bendi ya Cuban Marimba, aliyeuchukua muziki wa Kuba uliofika Afrika Mashariki kwa njia ya santuri na kuutia maneno ya Kiswahili yaliyosafishwa kama mashairi ya pwani. Salum Abdallah alifariki dunia kwa ajali ya gari mwaka 1965, na uongozi wa Cuban Marimba ukashikwa na Juma Kilaza. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 ndipo kijana Mbaraka alipojiunga na Morogoro Jazz, wapinzani wa Cuban Marimba.

Upinzani wa bendi hizo mbili uliufanya mji mdogo kama Morogoro usikike nchi nzima. Ulikuwa upinzani wa kweli, mfano wa Simba na Yanga. Mtu alikuwa wa Cuban Marimba au wa Morogoro Jazz, na bendi moja ikitoa wimbo mpya, nyingine haikulala mpaka nayo imetoa wake.

Neno jazz katika majina ya bendi za wakati ule lisimpoteze msomaji wa leo. Halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans au Chicago. Hapa kwetu lilimaanisha bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa: magitaa, saksafoni, tarumbeta, tumba na dramu. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu mwaka 1932, na baada yake zikafuata nyingine nyingi, kila mji ukitaka kuwa na jazz yake.

Fundi wa nyuzi sita

Katika bendi za aina hiyo magitaa hugawana kazi kama watu walio katika jahazi moja. Gitaa la besi hushika mwendo chini kabisa. Gitaa la ridhimu hurudia fungu lile lile la sauti bila kuchoka, na ndilo linalomfanya mchezaji asipoteze hatua. Juu yao hupita gitaa la solo, ambalo humjibu mwimbaji, humtangulia, humtania, na mwisho wa wimbo huachiwa uwanja wote peke yake.

Mbaraka alikuwa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi kwa pamoja. Si jambo dogo. Mwimbaji anayepiga solo lazima akili yake igawanyike mara mbili, mdomo ukiwa katika ubeti na vidole vikiwa tayari vinatafuta jibu. Katika nyimbo za Mbaraka msikilizaji husikia mazungumzo hayo waziwazi. Sauti yake huweka hoja, na gitaa huichukua hoja hiyo na kuipeleka mbele. Hapendi kujaza noti nyingi pasipo na haja. Huchagua chache, huzirudia kwa kuzigeuza kidogo kidogo, mpaka mtu aliyekuwa amekaa anajikuta ameshasimama.

Kila bendi ya dansi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo wa Morogoro Jazz uliojulikana mno uliitwa Sululu. Mtindo ulikuwa kitambulisho. Shabiki hakuuliza bendi gani inapiga, aliutambua mtindo akiwa bado nje ya ukumbi.

Utunzi wake nao ulikwenda na wakati. Hizo zilikuwa zama za Azimio la Arusha la mwaka 1967, na wanamuziki walitazamiwa kuielimisha jamii pamoja na kuiburudisha. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa huko Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971 katika mvutano uliotokana na siasa ya vijiji vya ujamaa, Mbaraka alimwombolezea kwa wimbo. Lakini mtunzi huyo huyo aliimba pia juu ya mapenzi, urafiki, kejeli za watu na ugumu wa maisha. Jogoo la Shamba umejengwa juu ya methali ambayo kila Mswahili ameikuta kwa wazazi wake. Mtaa wa Saba na Pole Dada ni nyimbo za mambo ya nyumbani, zile ambazo msikilizaji hudhani zimetungwa juu ya jirani yake.

Safari ya Japani

Tarehe 15 Machi 1970, katika viwanja vya Suita jirani na jiji la Osaka, Japani ilifungua Maonyesho ya Dunia, Expo 70. Yalikuwa maonyesho ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika bara la Asia. Mataifa 77 yalishiriki, na hadi yalipofungwa tarehe 13 Septemba, zaidi ya watu milioni 64 walikuwa wamepita milangoni. Wamarekani walionyesha jiwe lililoletwa kutoka mwezini. Warusi walionyesha vyombo vyao vya angani. Katikati ya uwanja ulisimama Mnara wa Jua, kazi ya msanii Taro Okamoto, ukiwa na uso unaotazama mbele na mwingine unaotazama nyuma.

Tanzania, taifa lililokuwa na umri wa miaka sita tu tangu Muungano, nayo ilikuwapo. Miongoni mwa iliyowatuma kuiwakilisha walikuwa Morogoro Jazz.

Tuifikirie safari hiyo. Bendi iliyozoea kumbi za Morogoro na Dar es Salaam, safari za basi na treni, na vipaza sauti vilivyokuwa vikizima kila umeme ulipotetereka, ilijikuta katika nchi iliyokuwa na treni ya kasi kuliko zote duniani. Mbaraka alikuwa bado kijana. Alichokwenda kukionyesha hakikuwa ngao wala kinyago. Alikwenda kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kulishika gitaa la umeme, akalipiga kwa namna ambayo si ya Mmarekani, si ya Mkuba wala si ya Mkongo, na wasikilizaji wakajua kwamba muziki ule una kwao. Kumbukumbu ya safari hiyo ilibaki katika wimbo ulioitwa Expo 70.

Wajapani na kifua cha gitaa

Hapa inafaa msomaji ajue Japani ilikuwa wapi katika suala la magitaa, kwa sababu ndipo tofauti kati yetu na wao inapoonekana.

Gitaa la kawaida lina kifua bapa, yaani ubao wa mbele ni ubao mwembamba uliolala. Mwishoni mwa karne ya 19 fundi wa Kimarekani, Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, aliijaribu njia nyingine. Alichukua mbao nene na kuzichonga mpaka zikabinuka kama kifua cha fidla, katikati nene na pembeni nyembamba, na mwaka 1898 akapewa hataza ya ubunifu huo. Mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ikatoa gitaa lililosanifiwa na Lloyd Loar, lenye kifua kilichobinuka na matundu mawili marefu yaliyopinda kama ya fidla. Nyuzi zake hazikufungwa kifuani. Zilipita juu ya daraja lisilogundishwa na kushikwa na kishikio mwishoni mwa kiwiliwili, hivyo zikawa zinakikandamiza kifua badala ya kukivuta. Sauti yake ilikuwa kali na ya haraka, na iliweza kusikika katikati ya matarumbeta na ngoma. Baadaye, katika miaka ya 1930, gitaa la namna hiyo likatiwa kinasa sauti cha umeme, na huo ukawa mwanzo wa magitaa ya umeme ambayo bendi zetu ziliyajua.

Wajapani hawakulibuni gitaa hilo. Lakini walikuwa na mazoea ya zamani ya kuchukua ala ya ugenini na kuisoma mpaka wakaijua ndani na nje. Masakichi Suzuki, mtoto wa mtengenezaji wa shamiseni huko Nagoya, alianza kuunda fidla tangu miaka ya 1880, akazijengea kiwanda. Katika miaka hiyo hiyo Torakusu Yamaha alianzisha kazi ya vinanda huko Hamamatsu. Katika miaka ya 1960, vijana wa Japani walipopagawa na gitaa la umeme, viwanda vya Nagoya, Hamamatsu na Matsumoto vilikuwa tayari kuwauzia wao na dunia nzima.

Mbaraka alipokanyaga Osaka, kwa hiyo, Japani ilikuwa katika zama za kunakili. Viwanda vyake viliiga magitaa ya Kimarekani kwa uhodari mkubwa na kuyauza kwa bei nafuu. Uhodari huo ulifika mahali ambapo mwaka 1977 wamiliki wa Gibson waliishitaki huko Marekani kampuni iliyouza magitaa ya Ibanez, yaliyotengenezwa Japani, kwa kuiga umbo la kichwa cha magitaa yao. Lakini mwishoni mwa muongo huo huo Wajapani walikuwa wameshamuundia mpiga jazz wa Kimarekani, George Benson, gitaa la kifua kilichobinuka lililosanifiwa kwa mahitaji yake, na mashabiki wake wakalipokea.

Waliokuja baada ya hapo walikwenda mbali zaidi ya viwanda. Siku hizi wapo Japani mafundi wa karakana ndogo, mtu mmoja au wachache, wanaounda magitaa ya kifua kilichobinuka kwa mkono. Fundi huchagua mbao ya msonobari wa nchi za baridi kwa ajili ya kifua, na mbao ngumu yenye mawimbi kwa ajili ya mgongo. Huchonga, hugonga kwa kidole na kusikiliza, huchonga tena. Wengine hupunguza unene wa kiwiliwili ili gitaa lisilie ovyo karibu na vipaza sauti, hubadili umbo la matundu, na huweka kishikio cha nyuzi cha mbao badala ya chuma ili sauti iwe laini. Kazi ya gitaa moja huweza kuchukua miezi. Kisha fundi huandika jina lake ndani yake, na mnunuzi kutoka Ulaya au Marekani hulipa kwa sababu ya jina hilo.

Huo ndio mwendo wa nchi iliyoanza kwa kuiga ikaishia kuwa na saini yake. Mbaraka naye, upande wake, alikwenda mwendo huo huo. Wanamuziki wa Tanganyika walianza kwa kuiga rumba ya Kuba kutoka kwenye santuri, na kizazi chake kikaifikisha mahali ambapo saini ni ya Morogoro. Tofauti ni kwamba saini ya fundi wa Kijapani imo ndani ya mbao, na haifutiki.

Volkano yalipuka

Mwaka 1973 Mbaraka aliachana na Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Mashabiki walishtuka, kama wanavyoshtuka hadi leo mwanamuziki mkubwa anapohama.

Ili kuelewa uzito wa hatua hiyo, ni lazima kujua bendi za wakati ule zilivyokuwa zikiendeshwa. Nyingi zilikuwa mali ya vyama vya wanachama, na baadaye za mashirika ya umma na jumuiya. Vyombo vilikuwa vya chama. Mwanamuziki aliingia mikono mitupu na akitoka alitoka mikono mitupu, hata kama jina la bendi lilikuwa kubwa kwa jasho lake. Katika lugha ya wanamuziki wa dansi neno vyombo lina uzito kuliko neno jingine lolote, kwa maana mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Gitaa, kikuza sauti na seti ya dramu vyote viliagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, ambazo hazikuwa rahisi kupatikana. Kuunda bendi mpya katika mazingira hayo kulihitaji moyo.

Super Volcano ilikuja na mtindo wa Masika, na haikuchukua muda kushika masikio ya watu. Mbaraka sasa alikuwa kiongozi, mtunzi, mwimbaji na mpiga solo wa bendi yake mwenyewe.

Tatizo la pili lilikuwa santuri. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na kuzipa umaarufu, lakini Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Viwanda na kampuni za biashara hiyo zilikuwa Nairobi. Mwanamuziki wa Kitanzania aliyetaka kazi yake iuzwe dukani alilazimika kuvuka mpaka, na Mbaraka alikuwa mmoja wao. Ni huko ambako Shida ilitoka, ikawa miongoni mwa santuri zilizouzwa sana nchini Kenya katika miaka ile. Kutoka Mombasa hadi Kisumu, watu ambao hawakuwahi kuiona Morogoro waliimba maneno yake. Wakenya wengi walimhesabu kuwa wao, na Watanzania hawakuona ajabu, kwa kuwa redio na lugha vilikuwa vimeshaufanya muziki huo kuwa wa wote.

Mpaka uliofungwa, barabara ya mwisho

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwezi Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa wafanyabiashara ilikuwa hasara. Kwa wanamuziki ilikuwa kama kukatwa mkono mmoja, maana soko na mitambo ya santuri ilibaki upande wa pili. Hata hivyo hawakuacha kuitafuta njia ya kufika Kenya.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na Tanzania ikaingia vitani. Mwanzoni mwa mwaka 1979 macho na masikio ya Watanzania yalielekezwa kaskazini magharibi, kwenye habari za mapigano.

Ni katika siku hizo, Januari 1979, habari nyingine ilipokuja kutoka upande ambao haukutazamiwa. Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki dunia kwa ajali ya gari katika pwani ya Kenya, upande wa Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Kama Salum Abdallah miaka 14 kabla yake, mfalme wa pili wa Morogoro naye alichukuliwa na barabara.

Wapo waliosikia habari ile wakakataa kuamini, kwa kuwa sauti yake ilikuwa bado inatoka redioni siku hiyo hiyo. Huo ndio msiba wa aina mpya ulioletwa na redio na santuri: mtu amezikwa, lakini anaendelea kuimba. Nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya katika mfululizo uliopewa jina la Ukumbusho, na mfululizo huo ndio uliowafikishia wengi waliozaliwa baada yake.

Saini ya mtunzi

Swali ambalo maisha ya Mbaraka yanaliacha mbele yetu ni la haki. Wimbo si gitaa. Gitaa huweza kufungiwa kabatini na mwenyewe akalinda ufunguo. Wimbo ukishatoka hauna kabati. Hunakiliwa kwenye kanda, kisha kwenye sidii, kisha kwenye simu za mkononi, hupigwa kwenye mabaa, kwenye mabasi na kwenye hoteli za ufukweni, na kila anayeupiga hupata chochote isipokuwa pengine aliyeutunga.

Tanzania Bara ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, miaka 20 baada ya kifo cha Mbaraka, na Zanzibar ikapitisha yake mwaka 2003. Sheria ya mwaka 1999 ilitamka kwamba haki za mtunzi hudumu katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, nyimbo za mtunzi aliyefariki mwaka 1979 zinafikia ukomo wa ulinzi huo mwaka 2029. Kipindi kirefu cha miaka hiyo 50 kilipita kabla sheria yenyewe haijaandikwa, na kingine kimepita watu wakijifunza kwamba ipo. Kwa warithi wa watunzi wa kizazi kile, muda uliobaki ni mfupi.

Fundi wa Kijapani anayeandika jina lake ndani ya gitaa analindwa na kazi yake yenyewe, maana hakuna awezaye kulichukua gitaa akaliacha jina. Mtunzi wa dansi hana kinga hiyo. Anategemea sheria, na anategemea uungwana wa wasikilizaji.

Ala ya kuazima

Zanzibar inaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi. Taarab yake nayo ilijengwa kwa ala za kuazima. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye anayesimuliwa kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 ikaanzishwa Ikhwani Safaa. Udi ulitoka kwa Waarabu, fidla kwa Wazungu, na wote wawili wakakutana na maneno ya Kiswahili kinywani mwa watu wa mitaa ya Ng'ambo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alifanya lile ambalo Mbaraka alikuja kulifanya Osaka na Nairobi: aliipeleka lugha yake mbali akiwa amebebwa na nyuzi zilizotoka kwa wengine.

Kuazima si aibu. Wajapani waliazima, na Waswahili waliazima. Kinachomtofautisha muungwana na mwizi ni kulikumbuka jina la mwenye mali.

Jambiani bado wapo mafundi wanaojua kuuchonga mwembe kwa tezo mpaka ukawa ngalawa, wakiupunguza ubao kwa kuusikiliza kama vile fundi wa Kijapani anavyokisikiliza kifua cha gitaa. Mikono ipo. Pengine siku moja gitaa litakalopigwa kwenye ufukwe huo litakuwa limechongwa kisiwani. Hadi siku hiyo ifike, vijana wa pwani wataendelea kulipiga gitaa la ugenini kwa lugha waliyofundishwa na mtu wa Morogoro, na kila anayeanzisha Shida usiku, wageni wakiwa wamelala, angalau amtaje mwenyewe.